Kiti Kilichoshushwa Vidole Vinne

Mkunga alikuwa ameshauacha mtaa wa tatu nyuma, begi kubwa limefungwa kwa mipira kwenye keria na dogo linaning'inia kwenye usukani, ndipo alipokumbuka kwamba hakumuaga shangazi yake kwa neno lolote la maana. Alikuwa amesema tu, haya shangazi, ndiyo nakwenda, kama mtu anayekwenda zamu na jioni atarudi kuuliza kuna nini jikoni. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Aliitikia kwa kichwa, akageuka upesi, akaingia ndani. Ndivyo walivyokuwa wawili hao. Kulia walilia, lakini kila mtu chumbani kwake na mlango umefungwa.

Ilikuwa saa moja kasoro asubuhi na wenye maduka walikuwa wanafagia vizingiti. Alikanyaga pedali polepole, maana baiskeli yenye mzigo nyuma haina adabu, ukiikimbiza kwenye kona inataka kwenda kwao. Kilomita thelathini na moja zilikuwa mbele yake, na mwisho wa hizo ni zahanati ya mlimani yenye vitanda vinne, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuomba kupelekwa. Alipowasilisha barua ya uhamisho, mganga mkuu alimwuliza mara mbili kama ni mzima. Alijibu kuwa ni mzima. Sasa alitakiwa aripoti kabla ya saa nane mchana, na alikuwa amejiapiza kwamba hatageuka nyuma hata kwa kuchungulia.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alikwishapokea watoto wa watu mia nne na ushee bila kukimbia zamu hata moja. Lakini asubuhi ile alikuwa anaukimbia mji mzima, na sababu ya yote ilikuwa kiti cha baiskeli.

Wapo wanaogundua kwamba wamesalitiwa kwa barua, wapo wanaogundua kwa harufu ya manukato kwenye kola ya shati. Yeye aligundua kwa kiti. Tena hakikuwa kimeibiwa wala kuchanika, kilikuwa kiti kizima, ila kimeshushwa vidole vinne.

Mwenye baiskeli hiyo alikuwa fundi saa, mwanamume mrefu, mpole, mwenye kibanda chembamba kama uchochoro katikati ya muuza viatu na mpiga picha. Walikuwa wamejuana njiani. Kila asubuhi Mkunga alipita barabara ndefu ya viwandani kwenda kazini, na barabara ile ilikuwa na upepo wa mbele uliokusukuma kifuani kama mtu anayekukataza kuingia kwake. Siku moja, alipokuwa ameinama anahangaika nao, mwanamume mmoja alimpita, kisha badala ya kwenda zake akabaki palepale mbele, kwa mwendo uleule, akimkatia upepo. Hakugeuka, wala hakusema neno. Kwenye njia panda aliinua vidole viwili na kukata kona. Kesho yake Mkunga alimpita yeye, akashika zamu ya mbele. Miezi miwili walikatiana upepo hivyo, leo wewe kesho mimi, bila hata salamu. Mkunga alimjua kwa mgongo kabla ya kumjua kwa uso: shati la bluu lililofuliwa mpaka likapauka, vibanio viwili vya chuma vilivyobana suruali ili mnyororo usiile, na mabega ambayo hayakuyumba hata lori lilipowapita kwa karibu.

Neno la kwanza alilomwambia, siku taa nyekundu ilipowasimamisha pamoja, halikuwa neno la kutongoza hata kidogo. Alimwambia kiti chake kiko chini mno na magoti yataumia. Mkunga alijibu kwamba amekaa hivyo miaka minne. "Basi yanakuuma miaka minne," alisema Fundi, na ilikuwa kweli. Akatoa spana mfukoni palepale pembeni ya barabara, akamwambia aweke kisigino kwenye pedali na anyooshe mguu, akapandisha kiti kidogo kidogo mpaka mguu ukanyooka sawasawa. Kisha akatoa tupa ndogo, ile ya kusawazishia vyuma vya saa, akakwaruza mstari mwembamba kwenye bomba la kiti, usawa wa pale linapoingia kwenye fremu, ili hata siku kikilegea kirudishwe palepale.

Alimwonyesha na wa kwake. Kila mtu ana mstari wake, alimweleza, na mtu mwingine akikaa kwenye mstari wa mwenzake ataumia tu. Mkunga, ambaye kazini kwake hakuna kisichosemwa wala kisichoonwa, alijikuta anatazama chini kama mwari. Hakuna mtu aliyewahi kumpima kwa uangalifu namna ile bila kumgusa.

Walipendana mwaka mzima. Asubuhi barabara ya viwandani, jioni barabara ya viwandani, Jumapili wanafungua hubu za magurudumu na kupaka grisi huku wanabishana mafuta ya cherehani yanafaa mnyororo au hayafai. Mambo yaliharibika pale Fundi alipompeleka kwa mama yake.

Mama alikuwa fundi cherehani mstaafu, mjane, mwanamke mfupi mwenye macho ya kupima kitambaa. Mkunga alikwenda kwa baiskeli kwa sababu hakujua kwenda kwa kitu kingine. Aliingia sebuleni na kofia ngumu kwapani, paji la uso linameta jasho, na kwenye kifundo cha mguu alama nyeusi ya mnyororo. Mama aliitazama alama ile. Akauliza kama ndivyo anavyokwenda hata kwa wagonjwa. Akauliza watu wanasemaje mtaani. Mwishoni akauliza, huku anamimina chai, hivi mwanamke anayeshinda juu ya chuma mtoto atampata lini. Mkunga alijibu kwa heshima kwamba amewapokea watoto wa wanawake waliofika leba wenyewe kwa baiskeli. Kisha akaongeza neno ambalo baadaye alilijutia. "Mama, ungepanda siku moja tu, ungenielewa."

Mama aliinuka. Alikusanya vikombe, akaenda navyo jikoni, hakutoka tena. Fundi alimsindikiza Mkunga mpaka barabarani akimwambia mama atapoa, apewe muda.

Wiki mbili baadaye Mkunga alipita kibandani saa ya chakula cha mchana. Baiskeli ya Fundi ilikuwa imeegemezwa ukutani mahali pake pa siku zote. Aliweka mkono juu ya kiti bila kutazama, kama alivyozoea, kama mtu anavyogusa bega la mwenzake akipita. Mkono ukashuka chini zaidi ya ulivyozoea.

Akatazama. Ule mstari wa Fundi ulikuwa umezama ndani ya fremu, hauonekani, na juu yake, usawa wa nati ya kukazia, kulikuwa na mstari mwingine mpya unaong'aa. Juu ya kiti kulikuwa na kifuniko laini cha sponji kilichoshonwa kwa mkono, mshono safi.

Mtu asiyepanda baiskeli angepita bila kuona kitu. Ndiyo maana jambo lile hakuweza kulisoma mtu mwingine ila mpanda baiskeli. Kiti kinaweza kushushwa kwa dharura, jirani akiazima akanunue sukari. Lakini hakuna anayechonga mstari kwa ajili ya jirani wa sukari. Mstari huchongwa ili kiti kirudi palepale leo, na kesho, na keshokutwa. Kulikuwa na mwili mwingine, mfupi, uliopimwa kisigino kwenye pedali, mguu ukanyooshwa, tupa ikatolewa.

Aliingia ndani, akasimama mbele ya meza. Fundi alikuwa na lenzi jichoni na saa ya mtu imefunguliwa mbele yake.

"Nani anapanda baiskeli yako?"

Fundi alitoa lenzi taratibu, akaiweka juu ya kitambaa. "Mtu."

"Mtu mfupi."

"Mfupi, ndiyo."

"Mwanamke."

Fundi aligeuza lenzi juu ya kitambaa. Mashine zote za saa mle ndani zilikuwa zinagonga kila moja kwa mwendo wake. "Ni mwanamke," alisema. "Lakini sivyo unavyofikiri."

"Nafikiri nini?"

"Siwezi kukwambia. Nimeapa."

"Umemwapia nani?"

Hapo ndipo mwanamume yeyote mwenye akili timamu angetafuta uongo hata mdogo. Fundi Saa hakuwa na kipaji hicho. "Nimemwapia yeye mwenyewe," alisema.

Mkunga alitoka bila kupiga kelele. Kilio kilimkuta barabara ya viwandani, na upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba machozi yalikwenda masikioni. Toka siku ile alibadilisha njia na saa za kutoka. Fundi alimsubiri kwenye njia panda asubuhi tatu mfululizo, asubuhi ya nne akaacha karatasi kwa mlinzi wa kliniki, nayo ilikuwa na mstari mmoja tu: nipe mpaka mwisho wa mwezi. Mkunga aliisoma mara kumi. Shangazi aliisoma mara moja, akairudisha. Alisema mwanamume anayeomba muda ana wawili kwenye mizani, na kama mmoja ameshachongewa mstari, basi mwingine aanze kufunga mizigo. Usiku uleule Mkunga aliandika barua ya uhamisho.

Basi hivyo ndivyo alivyojikuta asubuhi hii na begi kwenye keria. Mwisho wa mji njia zilikuwa mbili. Ya juu ilikuwa fupi, lakini ilikuwa na mwinuko ambao kwa mzigo ule angeupanda kwa kusukuma. Ya chini ilizunguka, lakini ilikuwa tambarare, haina malori, na ilipita kwenye kiwanja kipana cha kiwanda cha matofali kilichofungwa zamani. Alichagua ya chini, kwa kuhurumia magoti.

Kiwanja kilikuwa kitupu na sakafu yake ya saruji ilikuwa imepasuka na kuota majani. Alikuwa ameshaingia nusu yake aliposikia sauti ya mwanamke upande wa pili, nyuma ya tanuri.

"Umeshika?"

"Nimeshika, mama," ilijibu sauti ya mwanamume.

"Usiniachie."

"Sikuachii."

Sauti ya pili Mkunga angeitambua hata akiwa usingizini. Kabla hajaamua ageuke au akanyage, baiskeli ilitokeza kwenye kona ya tanuri, inapepesuka, usukani unakwenda huku na huku kama pua ya mbwa anayetafuta harufu. Juu yake alikaa mama mfupi aliyevaa suruali kubwa ya kiume iliyokunjwa mara tatu na kofia ya plastiki ya mjengoni. Mikono yake ilikuwa imenyooka kama miti. Na hatua ishirini nyuma yake, mikono mitupu hewani, mdomo wazi, alisimama Fundi Saa. Alikuwa amemwachia zamani.

Aliyejifunza baiskeli ukubwani atakwambia kwamba chombo hiki hakiendi unakotaka, kinakwenda unakotazama. Ukitazama shimo, umo shimoni. Mama aliinua macho akamwona mkwe aliyemkataa, amesimama katikati ya kiwanja na baiskeli yake, na hakuweza kutoa macho. Basi baiskeli ikamfuata. Kiwanja kilikuwa na ukubwa wa kugeuza malori sita, lakini ilimjia yeye tu, moja kwa moja, kama imetumwa.

"Breki, mama," Fundi aliita huku anakimbia. "Finya breki."

"Iko wapi?" alisema mama, na tayari alikuwa amefika.

Hawakugongana kwa nguvu. Gurudumu liliingia chini ya begi, wote wawili wakaenda chini pamoja na vyuma vyao, polepole kabisa, kama watu wanaokaa. Kengele moja ilijilia yenyewe. Mkunga alikuwa chali, usukani kifuani, na uso wa mama uko karibu na uso wake kiasi cha kuhesabu kope.

"Shikamoo, mama," alisema, maana mdomo ulikuwa haujui la kufanya zaidi.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuumiza?"

"Hapana, mama. Wewe je?"

"Sijui. Mpaka nisimame."

Fundi alifika anahema, akaanza kuinua baiskeli badala ya watu, kisha akakumbuka. Mkunga alikuwa ameshapiga magoti. Kazi ilimrudia mikononi bila kuitwa: alikunja kiganja cha mama, akakikunjua, akabonyeza kifundo, akapapasa nyonga kwa vidole viwili akimwuliza panauma hapa, na hapa. Mama alivumilia mpaka akachoka. Akamwambia aache sasa, yeye hayuko leba.

Mkunga alicheka. Hakupanga, kicheko kilimtoka tu, na kilipotoka kikaja na kitu kingine nyuma yake, akaona kiwanja chote kinaelea majini. Alikuwa ameshaelewa. Suruali ile, ule ufupi, kile kifuniko cha sponji kilichoshonwa na mtu anayejua kushona. Alitazama baiskeli iliyolala ubavu, akatazama mstari mpya kwenye bomba lake. Wiki tatu za usiku bila usingizi zilikuwa zimemwisha mwilini kwa mkupuo.

"Ni wewe, mama," alisema. "Mtu mfupi."

"Mfupi kwa nani?" Mama aligeuka, akaona mizigo. Aliitazama kwa macho yale ya kupima. "Na begi lote hili unakwenda nalo wapi? Mimi nilidhani uko zamu za usiku, ndiyo maana huonekani."

Fundi alikuwa anatazama kiatu chake.

"Nimehama, mama. Leo hii naripoti zahanati ya mlimani."

"Umehamishwa?"

"Niliomba."

Mama alimtazama mwanawe, na kwa kuwa alikuwa amemlea mwenyewe, hakuhitaji maelezo mengi. Alimwambia aseme. Fundi akasema yote, kidogo kidogo, kama mtu anayetoa skrubu: kiti, mstari, kiapo, karatasi kwa mlinzi. Kadiri alivyosema ndivyo mama alivyozidi kukaa wima.

"Subiri," alisema mama. "Mwenzako alikuuliza ana kwa ana ni nani, ukamwambia umeapa?"

"Si uliniapisha, mama."

"Nilikuapisha usiwaambie majirani. Nilikuapisha usimwambie yeye kwamba naanguka. Nilisema umpoteze mke kwa ajili hiyo?" Alipiga saruji kwa kiganja. "Baba yako naye alikuwa hivihivi. Ukimwambia shikilia hapa, atashikilia mpaka umzike."

Fundi alisema kwamba alihesabu mwisho wa mwezi mama atakuwa ameshajua kupanda, na kiapo kitakuwa kimeisha chenyewe. Mama alimjibu kwamba hesabu hizo akawapigie wenye saa.

Kisha alimgeukia Mkunga, na sauti ikabadilika. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu asiyezoea kazi hiyo.

"Siku ile ulipoondoka sikukusindikiza. Nilikuwa dirishani. Nikakuona unapanda, mguu mmoja tu, hop, na kufika pale kona ulikuwa umeshapotea. Mimi nimekanyaga pedali ya cherehani miaka thelathini, mwanangu. Asubuhi mpaka jioni, miguu inakwenda. Na sijafika popote. Nilikuwa nakukaripia mdomoni, moyoni nakuonea wivu. Ukasema nipande siku moja nitakuelewa. Nikasema sawa, nitapanda. Na nikishajua, nitakuja mwenyewe mpaka getini kwenu kazini, nishuke mbele ya watu, nikwambie nimekuelewa. Ndiyo siri yenyewe. Sikutaka unione ninaburutwa kama gunia."

Mkunga alisogea karibu. Alichukua mkono wa mama ule uliochubuka kidogo, akaupangusa vumbi kwa upindo wa sare yake ya kazi, akaendelea kuupangusa hata vumbi lilipokwisha.

"Leo ulikuwa unapanda peke yako, mama," alisema hatimaye. "Alikuwa amekuachia. Kutoka kule kwenye tanuri mpaka hapa."

Mama alitazama umbali ule wote. "Muongo. Nimemwuliza, kasema ameshika."

"Nimemsikia."

"Kutoka kule?"

"Kutoka kule, mama."

Mama alikaa palepale chini na suruali ya marehemu mumewe, akautazama mwendo wake mwenyewe kwa muda, na uso ukamchanua mpaka akaonekana msichana. Kisha akajiinua kwa kushikilia bega la mwanawe, akasema anakwenda kuangalia kama kofia imepasuka, ingawa kofia ilikuwa kichwani kwake, akaenda kusimama nyuma ya tanuri.

Wakabaki wawili. Fundi alikuwa amepungua, shati la bluu lilikuwa linamning'inia. Alikuwa anamtazama kama mtu aliyefungua saa iliyokwisha kufa akasikia inagonga.

"Kumbe uongo unaujua," alisema Mkunga. "Nimeshika, mama. Sikuachii, mama."

"Ule ni wa baiskeli. Kila anayefundisha anausema."

"Na mimi ungenidanganya hata mmoja mdogo. Ungesema ni mtoto wa jirani."

"Ungeamini?"

Alifikiri. "Hapana. Mstari ulikuwa mzuri mno."

"Niliandika mpaka mwisho wa mwezi."

"Nilidhani unataka muda wa kuchagua."

"Kuchagua kati ya nani na nani?"

"Kati yangu na mtu mfupi."

Fundi alianza kucheka kwa kujizuia, mabega yale yasiyoyumba yakaanza kuyumba, na Mkunga akacheka naye mpaka akakaa juu ya begi. Alipomaliza, Fundi alichuchumaa mbele yake, akamshika vidole, akimtazama usoni bila kukwepesha. Kwa mwaka mzima walikuwa wametazamana migongo zaidi ya nyuso. Sasa Mkunga aliona kwamba jicho moja, lile la lenzi, lilikuwa na mikunjo zaidi ya lingine, akashangaa ilikuwaje hakuiona kabla.

"Usiende," alisema Fundi.

"Nimeshasaini. Kuna wanawake wawili huko siku zao zimefika, na hawana mtu."

"Basi nenda. Ila usiende kwa sababu ile."

"Sababu ile imeshakufa."

"Nikija Jumamosi?"

"Mlima ule?"

"Nimekuuliza nikija."

"Njoo," alisema Mkunga. "Na njoo na mama yako kuposa, akishajua breki iko wapi."

Mama, ambaye nyuma ya tanuri alikuwa anasikia kila neno, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba breki ameshaiona, iko mkono wa kulia. Akawaambia wasipoteze muda wa watu, njia bado ndefu na jua linapanda. Yeye atarudi kwa miguu, anataka kutembea peke yake akiwaza. Fundi alipandisha kiti mpaka kwenye mstari wake, akalichukua lile begi kubwa, akalifunga kwenye keria yake. Mkunga alikagua rimu, akazungusha gurudumu mara moja, likazunguka bila kugusa. Walitoka kiwanjani wakiwa sambamba, na walizungumza njia nzima mpaka chini ya mlima, kisha wakasukuma.

Mkunga aliripoti saa saba u nusu. Wale wanawake wawili walijifungua salama juma lilelile, wa kiume na wa kike. Alikaa mlimani mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya harusi, na Fundi Saa alipanda kila Jumamosi isipokuwa mbili za mafua. Posa ilipelekwa mwezi wa tatu. Shangazi alidai aombwe radhi kwa yale aliyokuwa ameyasema yeye mwenyewe, akaombwa, akaridhika. Mama alijifunza kupanda vizuri lakini hakuwahi kujifunza kupinda kushoto. Alipotaka kwenda kushoto alipinda kulia mara tatu, na watu wa mtaani walizoea. Alipanda miaka tisa, kisha macho yakapungua, akaacha. Kibanda cha saa kilihamia karibu na mlima, kikapata wateja wachache kuliko kwanza, lakini wa kutosha. Mkunga aliporudi kwenye kliniki ya zamani kwa mwaka mmoja wa masomo, zahanati ilipata mkunga mwingine, mwanamume mnene, mchangamfu, ambaye wanawake walimkataa mwezi wa kwanza na kumgombania mwezi wa pili. Masomo yalipokwisha na Mkunga akarudi mlimani, ndiye huyo aliyempokea mtoto wao wa kwanza. Fundi alikuwa nje, amekaa barazani. Ilichukua saa kumi na moja, na Mkunga na mtoto wote walikuwa wazima.